Anayeitikia Kwenye Jiwe la Kusagia

Shelarwadi,
Kando ya Mto Krishna,
Wilaya ya Satara.
27 Agosti 1989

Mpendwa Mjomba Dattoba,

Shikamoo. Nakuinamia miguuni kwa barua, maana umekwenda kuishi mbali kiasi kwamba hata treni inachoka kabla haijakufikia. Hiyo miguu yenyewe inasemaje? Baridi ya Assam imekuachia goti, au bado unatembea kama bata? Na kikohozi je? Na macho? Mwanao Vinayak alituandikia mwaka jana kwamba mtoto wa jicho amekuziba pande zote mbili, na kwamba siku hizi anayekusomea barua ni mkewe, Jonali, aliyejifunza maandishi yetu kwa ajili yako. Kama ni kweli, una bahati kuliko wazee wote wa hapa. Hapa wazee hawasomewi hata bei ya vitunguu.

Jonali mwanangu, sijakuona kwa sura lakini nakupenda tayari. Msomee mzee polepole, na ukifika mahali pa kutisha usiruke. Huyo ni askari wa zamani, hatazimia. Wewe si wa huku, kwa hiyo mambo mengine nitayafafanua, na Mjomba avumilie kuambiwa anayoyajua.

Sisi kwa mwili hatujambo. Mvua haijatupa nafasi ya kuanika hata kitambaa cha kichwa. Miwa imesimama vizuri, paa la zizi linavuja. Nyati wetu amezaa dume na Sulabha, mke wa Hanmant, amejifungua mtoto wa kike, basi kaka yangu anazunguka kijijini akisema Mungu amechanganya mabanda. Watu wanacheka. Mimi nilicheka mara ya kwanza tu.

Ni binti wa tatu, Mjomba. Alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa sita, mweusi mzuri, nywele tele, mapafu ya mpiga tarumbeta. Hanmant hakuingia kumtazama. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya matope akasema huyu aitwe Nakusa. Jonali, kwetu jina hilo lina maana ya "hatakiwi". Watu wa Satara wanawapa mabinti waliozidi, ili Mungu asikie na safari ijayo alete mwanamume. Wanasema linafanya kazi. Wanaosema hivyo ni wale waliopata wa kiume, wengine hawaulizwi.

Sulabha aligeuza uso akalia bila sauti. Nami ni nani niseme? Mimi ni mjane niliyerudi kula chungu cha kaka, na mla chungu cha mwenzake hakorogi kwa mwiko wake. Lakini nilijifariji kwa jambo moja. Jina la mtoto halikai mpaka siku ya bembea, na siku hiyo anayemnong'oneza mtoto jina sikioni ni shangazi yake. Shangazi ni mimi, hakuna mwingine. Nikasema moyoni, tutaonana kwenye bembea.

Mama alikuwa amelala palepale sebuleni, kwenye kitanda cha kamba karibu na lile jiwe la kusagia. Ulipoondoka lilikuwa bado linasaga. Siku hizi tuna mashine ya umeme kule njia panda, jiwe limebaki la kukalia paka. Mama alikuwa amedhoofu, hajasema neno tangu juzi yake, tunamlisha maji ya wali kwa kijiko. Hanmant aliposema pale mlangoni, "Nakusa, basi, tumemaliza," mama alifumbua macho.

Akaitikia, "Abee."

Hanmant alicheka, akaniambia, "Dada, mama yako akili imeshasafiri, sasa anaitikia majina ya watu." Nikamwambia mama si wangu peke yangu. Tukaliacha hapo. Mama alibaki ametazama mlango kana kwamba anangoja atumwe, na alfajiri ya siku ya nne akakata roho macho yakiwa huko huko.

Hayo ya kifo ulipata kwa simu ya maandishi, najua. Maneno saba, na mawili kati yake ni jina lako. Nisamehe kwa ukavu wake.

Nilimwosha mimi. Sasa sikiliza jambo hili dogo, maana litarudi. Unazikumbuka zile chale za wino wa kijani ambazo wasichana wa huku huchomwa kwa sindano mkononi, nukta, maua na jina? Mama alikuwa nazo kwenye mkono wa kushoto, chungu cha mrihani kitakatifu, kikubwa, cheusi kuliko cha wanawake wote. Tukiwa watoto tulimtania kwamba mchomaji alisinzia juu ya sindano. Nilipokuwa namwosha, ngozi ikiwa imelegea, niliona chini ya kile chungu kuna mistari mingine ya zamani. Ni maandishi. Mtu alichora chungu juu yake ili yasisomeke. Nikafikiri ni makosa ya mchomaji, nikaendelea na kazi.

Siku ya kumi wanaume walikwenda mtoni kuweka tonge la wali. Jonali, sijui huko kwenu mnafanyaje. Kwetu kunguru akishuka akalidonoa, tunajua marehemu ameridhika, ameondoka. Asipodonoa, kuna kitu anakitaka, na jamaa hukaa wakimwahidi hiki na kile mpaka wapatie. Wanawake hatushuki hadi kwenye tonge, tunasimama juu kwenye ngazi za mawe na kuwakosoa wanaume kwa mbali.

Kunguru walikuwepo. Mkuyu wote wa ng'ambo ya pili ulijaa. Lakini, Mjomba, hakuna aliyelia hata mmoja. Umewahi kuona kunguru wa mtoni wakanyamaza? Walitulia wametutazama kama watu walioalikwa wakaambiwa wangoje nje. Mvua ilikatika. Hata maji yalisikika yanapita.

Hanmant akaahidi hatauza shamba la kisimani. Kimya. Akaahidi ataacha karata. Hapo hata kuhani alikohoa, kunguru nao hawakuamini. Akaahidi kwamba mimi sitafukuzwa nyumbani, ndipo nikajua kumbe jambo hilo lilikuwa linafikiriwa. Bado kimya. Binamu Eknath, yule mwana wa baba mdogo mwenye sauti nyembamba, akasema tu, kama mtu aliyechoka kusimama, "Huenda anamngoja kaka yake. Mama, tutamwandikia Mjomba Dattoba."

Kunguru mmoja akashuka. Akatembea hadi kwenye tonge, akalizunguka, akainua kichwa kumtazama Hanmant, kisha akaruka kurudi mtini bila kugusa hata punje.

Mwishowe kuhani akasokota kunguru wa majani makavu, akaligusisha tonge kwa mdomo wa majani, akasema inatosha. Sheria inaruhusu. Tulirudi nyumbani hakuna anayemwangalia mwenzake. Nami nilipokumbusha ile ahadi ya Eknath, Hanmant alisema wewe ni mzee, usisumbuliwe na mambo ya ndege. Asiyekuwapo na lake halipo, Mjomba. Hawakukuandikia.

Sasa ndipo mambo yalipoanza.

Kwa sababu ya matanga siku ya bembea iliahirishwa, basi mtoto akawa anaitwa kwa lile neno la baba yake. Siku moja mchana Sulabha alikuwa jikoni, mtoto analia sebuleni, akapaza sauti, "Nakusa, nakuja mama, nyamaza." Nyuma ya kitanda kitupu, pale penye jiwe la kusagia, mtu akaitikia, "Abee."

Sulabha alidhani ni mimi. Mimi nilikuwa zizini nimejaa mavi ya nyati hadi viwikoni. Aliponiuliza kwa nini naitikia jina la mtoto, nikamwambia wifi yangu, maziwa yamekupanda kichwani, pumzika. Akacheka kidogo. Jioni alimwita tena, nikiwa nimekaa naye mkeka mmoja, na safari hii niliisikia mwenyewe. Sulabha alinishika mkono na hakuuachia mpaka taa ilipowashwa.

Ningependa kukuambia ilikuwa sauti ya mama. Ingekuwa yake nisingeogopa, ningemletea maji. Ilikuwa sauti ya mtoto. Kasichana ka miaka minne au mitano, kenye pumzi ya haraka, kama kale kalikozoea kuchapwa kakichelewa kuitikia. Ukiita jina, kanaitikia papo hapo. Usipoita, kapo kimya. Na kimya hicho kina uzito, Mjomba. Unapita karibu na jiwe ukijua mtu amechuchumaa pale anasubiri kutumwa.

Nilijaribu peke yangu mchana kweupe, milango yote wazi. Niliita, "Mama." Hakuna kitu. Niliita, "Rukmini," jina ambalo katika maisha yangu yote sijawahi kumwita, na ulimi uliniwasha. Hakuna kitu. Nikaita lile jina la mtoto kwa sauti ya chini kabisa, kama anayevuta pumzi. "Abee," ikaja kutoka sakafuni, karibu na goti langu. Nilitoka nje nikaenda kukaa na nyati.

Kilichotuvunja nguvu ni mtoto. Kila sauti ile ilipoitikia, mtoto aliachia ziwa akageuza shingo kutazama kule pembeni. Shingo ya mtoto wa mwezi mmoja, ambayo haijashika, ikageuka kama ya mtu mzima aliyeitwa. Akishatazama hanyonyi tena mpaka giza liingie. Mashavu yakaingia ndani. Yale mapafu ya tarumbeta yakawa yanatoa mlio wa paka. Mkunga alikuja akamtazama ulimi na masikio, akasema hana ugonjwa. Majirani wakanong'ona kwamba bibi amerudi kumchukua mjukuu, kwa vile hata baba yake ameshasema hamtaki. Hawakusema uongo hapo pa mwisho.

Nilimwendea Hanmant. Nikamwambia, "Ndugu yangu, acha hilo jina. Kila mkiliita mnamwita mtu mwingine." Hanmant si mtu mbaya, unamjua, ulimbeba. Ni mwoga tu, na mwoga akishika jambo haliachii. Aliniambia akilibadilisha sasa, Mungu ataona anacheza, na hatapata wa kiume maisha yake yote. Akachukua siku kwa kuhani, akasema bembea ifungwe, jina litiwe, na likishatiwa rasmi huyo anayeitikia ataona lina mwenyewe. "Na wewe shangazi," akasema, "utanong'ona nililosema. Kama hutaki, kuna nyumba nyingi Satara."

Kwa hiyo unaona nilivyowekwa. Ninong'one Nakusa, mtoto abebe jina lenye mwenyewe tayari. Nisinong'one, nibebe furushi langu. Nililala na hilo siku kadhaa. Mjane wa miaka arobaini na mitano hafikirii nyumba nyingine kwa wepesi, Mjomba. Naogopa kuzeeka kwa watu.

Siku ilifika, juma lililopita, saa za mchana. Tulifunga bembea kwenye boriti, tukaivika maua ya njano. Wanawake walijaa, wakaimba zile nyimbo zao za kuwapangia watoto wachumba. Wanaume walikaa barazani, Hanmant akasimama mlangoni palepale alipotamka mara ya kwanza. Nikainama kwenye bembea. Jonali, shangazi akiinama kunong'ona, wanawake humtwanga mgongoni kwa ngumi za utani ili aseme haraka. Basi walinitwanga, wakicheka, "Sema, shangazi, sema, mwari anazeeka!" Nami mdomo uko kwenye sikio la mtoto, sikio lenyewe la baridi kama jani, na namwona kwa pembe ya jicho Hanmant akinitikisia kichwa.

Nikanong'ona, "Ketaki."

Nilikuwa nimelichagua tangu siku aliyozaliwa. Ni ua lenye miiba linalonukia mbali, halimwombi mtu ruhusa. Nikajiinua nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Jina lake Ketaki." Sulabha akafunika mdomo kwa ncha ya sari.

Hanmant alibadilika rangi. Akapiga hatua moja ndani, mbele ya wanawake wote, akaita kwa nguvu, kama anayemfukuza mbwa, "Nakusa!"

"Abee," ikaitikia pale kwenye jiwe.

Ngumi zilibaki mgongoni mwangu, zimefunguka. Wote walisikia. Mke wa kuhani alisikia, mwalimu wa watoto alisikia, barazani wanaume walisikia. Unamwita mtu, anaitikia, halafu huna pa kumtuma. Na hapo ile sauti, ambayo tangu ianze haikuwahi kusema zaidi ya neno moja, ikauliza kwa heshima, taratibu:

"Ameshazaliwa?"

Kaka yangu alikaa chini sakafuni na viatu vyake. Wanawake walitoka, wengine kwa mlango, wengine sijui kwa wapi. Sinia la vitamu lilibaki na nzi.

Aliyebaki ni Bibi Bayaja. Huenda unamkumbuka: aliolewa hapa kutoka Borgaon kwenu, mwaka mmoja na mama. Hana jino hata moja sasa, na utani haujamwisha. Alikuwa anatafuna tumbaku yake kama yuko sokoni. Nikamwuliza, "Bibi, wewe huogopi?" Akasema, "Nimwogope nani? Huyo namjua, tulikuwa tunafua naye mtoni. Huyo ni Nakusa wa Borgaon, mama yako."

Mjomba, mimi ni mtoto wake wa kwanza na sikujua. Tulipomwuliza mama jina lake la kwao, alituambia alizaliwa ndani ya sinia la mchele. Siku ya harusi baba alichora jina jipya kwa pete kwenye mchele, kama waume wote wanavyofanya, akaandika Rukmini. Bayaja anasema bibi arusi wengine hulia jina la kwao linapofutwa. Mama alicheka kwa sauti mpaka mkwe wake akamfinya. Mwaka ule ule akaenda kwa mchomaji chale akafunikwa jina mkononi. Akamwapisha Bayaja kwa mto Krishna asilitamke tena hapa kijijini, na Bayaja hakulitamka hadi siku ile.

Hapa ndipo inapokuja kwako. Usimwambie Jonali aache kusoma.

Babu alikuwa na mabinti wawili, akapata wa tatu, akamwita Nakusa. Lilifanya kazi. Baada ya miaka minne ulizaliwa wewe. Bayaja anasema mama yenu alipokuwa na mimba yako, yule mtoto aliambiwa na bibi yake, "Kaka yako akishazaliwa, nawe tutakupa jina zuri." Basi siku ya uchungu walimtoa nje ya chumba, akachuchumaa kwenye jiwe la kusagia la kwao Borgaon tangu asubuhi, na kila mwanamke aliyetoka na maji au kitambaa alimwuliza swali hilohilo. Ameshazaliwa? Ulipozaliwa kweli ngoma zilipigwa, vitamu viligawiwa mpaka Borgaon ya juu, wewe ukafungiwa bembea, shangazi yenu akaja na vikuku. Yeye hakuna aliyemkumbuka. Walimkuta jioni bado yuko pale, akakupokea kiunoni, na hakukutua mpaka ulipojua kutembea.

Sijui kama ulilijua jina lake. Wewe ulimwita Akka, dada mkubwa, na mtoto hapelelezi dada anaitwaje na wengine. Mama hakuwahi kukutaja kwa neno baya. Ukileta barua kutoka jeshini aliipakata kama sahani ya moto. Sikulaumu, Mjomba. Mtu hachagui aliyekanyagwa ili yeye apite. Lakini nisipokuambia sasa, nitamwambia nani?

Mtoto sasa ni Ketaki. Hanmant hajalipinga jina. Hasemi na mimi, ila hasemi na mtu yeyote, na furushi langu bado liko kwenye msumari. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani, na nilidhani likishang'ara mambo yatakwisha. Hayajaisha. Hakuna anayeliita tena lile la zamani, tumeapa, na bado kila magharibi ile sauti inauliza yenyewe. "Ameshazaliwa?" Ketaki anaachia ziwa, anatazama pembeni, anangoja jibu pamoja nayo. Akikosa, hanyonyi usiku kucha. Ameongezeka kidogo, si vya kutosha. Mkunga anasema mtoto kama huyu hawezi kufika baridi ya Diwali namna hii.

Nimemjibu mimi. Nimekaa karibu na jiwe nikamwambia ameshazaliwa, ni mwanamume, ana masharubu, yuko Assam, amebaki na meno machache na anatembea kama bata. Inanyamaza. Kesho yake inauliza upya. Si mimi inayetaka kumsikia. Bayaja anasema mtoto wa miaka minne haamini hadithi, anataka aonyeshwe.

Kwa hiyo ninakuomba uje. Nusu mwezi ya kuwalisha marehemu inaanza katikati ya Septemba, na mwaka huu hatuwezi kumlisha kwa kunguru wa majani. Najua goti, najua macho, najua treni. Vinayak akulete, au Jonali, na kitanda cha kamba kitakuwa chako. Tutapika mikate ya mtama na ile mboga ya dengu aliyokuwa akikupikia. Utashuka mtoni uweke tonge kwa mkono wako. Lakini kabla ya mtoni, kaa kwanza kwenye lile jiwe magharibi inapoingia, na atakapouliza, mwitikie wewe. Yeye amekuwa akiitikia maisha yake yote. Mwambie umeshazaliwa, mwambie anatakiwa. Neno hilo mimi nimelisema na halikufika; nadhani lina mtu wake.

Nisalimie Vinayak sana, mwambie nywele zake za kwenye picha zinahitaji mkasi. Msalimie Jonali, aliyelisoma hili lote kwa ulimi wa watu. Mwanangu, nisamehe kwa kukutia woga, na kama mmejaliwa mtoto, umbusu mara mbili akiwa wa kike. Sulabha anakuinamia. Binti wakubwa, Rohini na Manjula, wanakuuliza kama huko kuna tembo kweli. Binamu Eknath anakusalimu, anasema ile ahadi ya mtoni ilikuwa yake na ameibeba kama deni. Bibi Bayaja anasema ukija umletee tumbaku. Hanmant yuko barazani; hakusema nikusalimie, lakini alinitafutia kalamu mwenyewe.

Mungu akupe pumzi ya safari, akufungulie macho walau yatosha kuona mlango wetu, na akufikishe kabla mtoto hajachoka kungoja.

Mimi mpwa wako nikupendaye, hata nikikukaripia,
Shevanta

Tena Mjomba: nilikuwa naikunja barua hii pale sebuleni magharibi ilipoingia, na swali likaja kama kawaida. Ameshazaliwa? Nikaweka barua juu ya jiwe. Nikasema, "Ameshazaliwa, na nimemwandikia, hii hapa." Ketaki hakuachia ziwa, alitazama tu. Kisha sauti ikauliza jambo ambalo haijawahi kuliuliza.

"Na mimi je?"

Nikakumbuka lile jina zuri aliloahidiwa. Njoo na jibu lake.